Wapeni Watoto Hesabu za Jikoni

Recife ni mji wa pwani, kaskazini mashariki mwa Brazili, na nazi huko ni biashara ya kila siku kama ilivyo Tanga au Malindi. Watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, waliwaendea watoto wanaouza barabarani na sokoni, wakanunua kama wateja wengine huku wakiwauliza maswali ya bei. Mtoto mmoja wa miaka 12 alikuwa anauza nazi, moja kwa kruzeiro 35. Nne bei gani? Akajibu palepale: tatu ni 105, ongeza 30 inakuwa 135, jumla 140. Baadaye mtoto huyohuyo alipewa karatasi na penseli azidishe 35 kwa 4. Akaandika 200.

Ukifuatilia alivyokokotoa, utaona kosa lilivyoingia. Nne mara tano ni 20, akaandika sifuri, akabeba mbili. Ile mbili akaijumlisha na tatu kabla ya kuzidisha, akapata tano, na tano mara nne ni 20. Kanuni ya shule aliikumbuka nusunusu, na kwa kuwa kwenye karatasi hakukuwa na nazi wala mteja, hakukuwa na kitu cha kumshtua kwamba nazi nne haziwezi kugharimu kruzeiro 200.

Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1985, uliwahusu watoto watano tu, kwa hiyo tusiubebeshe mzigo usio wake. Hata hivyo tofauti yake inatisha. Kati ya maswali 63 yaliyoulizwa penye biashara, majibu sahihi yalikuwa zaidi ya asilimia 98. Hesabu tupu za karatasi, zenye tarakimu zilezile, hazikufika asilimia 37. Hesabu za karatasi zilizotungwa kama habari, zenye mtu aliyenunua kitu fulani, zilikaa katikati, kama asilimia 74.

Watoto wa namna hiyo tunao. Anatumwa gengeni na noti ya shilingi 2,000, aambiwe anunue fungu la nyanya, vitunguu viwili na mafuta ya kupima, na asipoteze chenji. Anarudi na kila kitu, chenji kamili, na njiani ameshajua angebakiwa na ngapi kama angeacha kitunguu kimoja. Kesho yake mtoto huyohuyo anasimamishwa mbele ya ubao na kuambiwa kichwa chake hakishiki hesabu.

Ninaamini tunaweza kuliziba pengo hili kwa kitu ambacho shule nyingi tayari zinacho, yaani chakula. Tena tutapata faida mbili kwa kazi moja, kwa sababu somo la lishe nalo linaumwa ugonjwa uleule. Watoto wanaimbishwa makundi ya vyakula: nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde na vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, mafuta na sukari. Wanayataja bila kukosea, kisha kengele ya mapumziko inalia na wanakimbilia getini kununua barafu na ubuyu wa rangi. Kuyataja makundi hakujampa mtoto uwezo wa kuamua lolote. Akipima, akahesabu, akalinganisha, hapo ndipo anaanza kukiona chakula chake kwa macho yake mwenyewe.

Tuanzie stoo.

Chukua shule yenye wanafunzi 400 inayopika makande. Tuseme imepanga gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa kila mtoto kwa siku. Darasa la tano lipewe kazi: leo mpishi atoe kilo ngapi? Mahindi ni gramu 48,000, na hapo mtoto analazimika kuzigeuza ziwe kilo 48, maana mpishi hana mizani ya kupima gramu elfu arobaini na nane. Maharage ni kilo 16. Mpaka hapo ni kuzidisha na kubadili vipimo, mada mbili zinazowasumbua sana wanafunzi, na hakuna aliyeuliza zinamsaidia nini.

Utamu unakuja mwalimu wa zamu anapoleta mahudhurio: waliofika ni 370. Mahindi yanashuka hadi kilo 44.4, maharage kilo 14.8. Kilo 3.6 za mahindi zimebaki. Zinatosha watoto wangapi kesho? Thelathini, idadi ileile ya wasiofika leo, na kuna mtoto ambaye hatashangaa na mwingine ambaye atashangaa sana. Waacheni wabishane ni kwa nini imekuwa hivyo. Halafu waulizwe gunia la mahindi la kilo 100 litakaa siku ngapi watoto wote 400 wakifika. Jibu ni siku mbili na salio la kilo nne, na hilo salio halina budi kuelezwa: ni watoto wangapi wanashiba kwa kilo nne? Thelathini na watatu, na mabaki ya gramu 40. Hapo kugawanya kwenye salio kunapata maana. Lile salio lililokuwa likiandikwa pembeni ya jibu bila kueleweka sasa ni chakula cha mtu.

Nairobi, katika mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023, hesabu hizi hufanywa na watu wazima kwenye majiko makubwa yanayolisha shule nyingi kwa pamoja, na mtoto huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo. Shule ya kijijini yenye jiko la mafiga matatu inafanya hesabu zilezile kwa kiwango kidogo. Ni vyema wafanyaji wakawa ni walaji.

Maharage yenyewe ni maabara. Pimeni kilo moja ya maharage makavu jioni, muyaloweke, myapime tena asubuhi baada ya kuyachuja. Kabla ya kupima, kila mtoto aandike anachokisia. Kukisia ni nusu ya hisabati, na ni nusu tunayoiacha kwa kuogopa majibu yasiyo sahihi. Maharage yatakuwa yamekaribia mara mbili ya uzito wa jana, na mtu atauliza: je, chakula kimeongezeka? Kilichoongezeka ni maji. Protini ni ileile. Mtoto aliyeyaona hayo hatadanganyika kirahisi baadaye na chakula kinachojaza sahani kuliko kinavyojenga mwili.

Darasa la sita liende mbele zaidi. Nyama mbichi isiyo na mafuta ina protini kama sehemu moja ya tano ya uzito wake. Maharage makavu yana kidogo zaidi ya hapo. Dagaa wakavu ni zaidi ya nusu. Watoto wenyewe walete bei za wiki hiyo kutoka soko wanalolijua. Tuseme wamekuta nyama kilo shilingi 12,000, dagaa 14,000, maharage 3,000. Kilo ya nyama ina gramu 200 za protini, kwa hiyo kila gramu inagharimu shilingi 60. Dagaa, tukichukua gramu 550 kwa kilo, gramu moja ni kama shilingi 25. Maharage, kwa gramu 220, hayafiki shilingi 14. Mtoto ambaye kwao dagaa huonekana chakula cha shida anaikuta hesabu ikisimama upande wa mama yake.

Mwalimu aongeze jambo moja ambalo mizani haitalionyesha: protini hazifanani. Mahindi yana upungufu wa kiungo kimoja cha protini ambacho maharage yanacho kwa wingi, na maharage nayo yanapungukiwa na kingine ambacho mahindi yanacho. Yakipikwa pamoja yanakamilishana. Makande, ambayo watoto wengi huyalalamikia kwa kuwa ni ya kila siku, ni chakula kilichopangwa kwa busara kubwa kabla ya yeyote kujua mambo ya maabara.

Kuhusu sukari, nashauri shule ziache kabisa kuhubiri. Weka mezani kilo ya sukari, kijiko cha chai, mizani ya jikoni na chupa tupu za vinywaji zenye maandishi pembeni. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu nne. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari tunayoongeza kwenye chakula na vinywaji, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Mpe mtoto hesabu hii: mwenzako anahitaji kilokalori 1,600 kwa siku, asilimia 5 yake ni ngapi? Themanini. Gramu moja ya sukari hutoa kilokalori nne. Basi ni gramu ngapi? Ishirini. Vijiko vingapi? Vitano.

Sasa asome chupa. Vinywaji vingi vya kola vina gramu kati ya 10 na 11 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 inabeba gramu 35 au zaidi, na mtoto aziteke kwa kijiko mwenyewe, kimoja kimoja, akizimimina kwenye glasi inayoonekana. Anapofika cha tano darasa linakuwa limeshatulia. Cha sita, cha saba, cha nane, na bado hajamaliza. Hamna haja ya mtu mzima kusema chochote wakati huo. Baada ya hapo wapime sukari wanayotia kwenye chai ya nyumbani, kwa kikombe kile wanachokitumia, na hesabu ya siku nzima waifanye kwenye daftari bila kuisoma kwa sauti.

Sukari iliyotumika irudi kwenye kopo safi na iende kwenye uji wa shule. Hili nalisisitiza. Nimeona picha za madarasa ya mbali ambako mchele unamwagwa mezani kama mchanga wa kuchezea na pasta zinagundishwa kwenye kadi. Kwetu chakula kinachoshikwa darasani kishikwe kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, kwenye vyombo safi, na kiliwe. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa chochote asilazimishwe kutazama chakula kikiharibiwa kwa jina la elimu. Kwa kuhesabia tu, vizibo vya soda, mawe na mbegu za ukwaju vinatosha.

Matunda yanafaa kufundishia sehemu na asilimia, kwa sharti kwamba tuanze na tunda lenyewe na mchoro uje baadaye. Pimeni ndizi mbivu na ganda lake, halafu bila ganda. Theluthi moja ya uzito mlioulipia, wakati mwingine zaidi, ni ganda. Fanyeni hivyohivyo kwa chungwa, embe na tikiti. Hesabuni vijipande vya chungwa moja, halafu jingine. Havilingani, na hapo mtoto anagundua kwamba sehemu moja ya kumi ya chungwa hili si sawa na sehemu moja ya kumi na moja ya lile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri watoto wa miaka 6 hadi 9 wapate angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Dada wa darasa la sita na mdogo wake wa la pili wanahitaji jumla gani kwa wiki? Kilo tano na robo. Ikipimwa kwa mafungu ya mchicha, matembele na mapapai ya jirani, haionekani kubwa kama inavyosikika.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina utamu wowote mdomoni. Kila kikundi kipewe punje 100 za mahindi au karanga kutoka stoo, na kazi yao iwe kuchambua: zilizooza, zilizovunjika, zilizobunguliwa, zenye ukungu, zilizosinyaa. Kwa kuwa ni punje 100, zikiwa mbovu saba, hiyo ni asilimia 7, na asilimia inaeleweka hapohapo bila kanuni. Kisha vikundi kumi vilinganishe majibu, vitafute wastani, na wajiulize kwa nini kikundi kimoja kimepata 3 na kingine 12 kutoka gunia lilelile. Hilo ni somo zima la sampuli, na wengi wetu hatukulipata hadi ukubwani.

Uzito wa zoezi hili unajulikana Dodoma na Manyara, ambako mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu uliwauguza watu na kusababisha vifo. Sumu hiyo hutoka kwenye kuvu wanaoota juu ya mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi. Kuchambua hupunguza hatari ingawa hakuimalizi, kwa sababu punje yaweza kuwa na sumu bila kuonyesha ukungu. Watoto waambiwe hivyo bila kufichwa. Punje mbovu zisilishwe kuku, zisirudi guniani, na mikono ioshwe. Mwalimu aulize mapema kama kuna mtoto anayedhurika na karanga. Kikundi chake kifanye kazi ya mahindi.

Shamba la shule lina historia ndefu zaidi kuliko haya yote. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe mahali pa kuzalisha na kujifunza kwa wakati mmoja. Shule nyingi zilishika jembe na kuacha daftari darasani. Shamba likawa kazi ya asubuhi, na baya zaidi, likawa adhabu: mchelewaji alime matuta mawili. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe atapendaje mchicha?

Rudisheni daftari shambani. Wapeni watoto kamba ya mita 20 na waambieni ndiyo urefu wa uzio mlio nao wa kuzuia mbuzi. Wazungushie bustani ya pembe nne yenye nafasi kubwa kuliko zote. Watakaotandaza mita 9 kwa 1 watapata mita za mraba 9. Wenye 8 kwa 2 watapata 16. 7 kwa 3 ni 21. 6 kwa 4 ni 24. Na mwisho mtu atajaribu 5 kwa 5 apate 25. Uzio ni uleule, mchicha ni karibu mara tatu. Nimesoma tofauti ya mzingo na eneo kwenye vitabu vingi, na sijaona kilichoieleza vizuri kama kamba inayovutwa na watoto wanne waliosimama kwenye pembe.

Mchicha unapendeza kwa kazi hii kwa sababu hauchoshi subira ya mtoto. Katika wiki tatu hadi nne unavunwa. Kila baada ya siku mbili wapime mche mmoja kwa rula, waweke nukta kwenye karatasi ya miraba, na kufikia mavuno wana grafu iliyoota pamoja na mboga. Siku ya kuula, mpishi atie mafuta kidogo, na darasa lielezwe kwa nini: vitamini A iliyo kwenye majani hayo hufyonzwa vizuri zaidi mwilini ikiambatana na mafuta. Ndimu au chungwa pembeni husaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya mboga na maharage, ilhali chai inayonywewa pamoja na mlo hukwamisha. Mambo haya hayaombi fedha za ziada, yanaomba mpangilio tu.

Kuna swali moja ambalo mwalimu asiliulize kamwe mbele ya darasa: leo asubuhi umekula nini? Linaulizwa kwa nia njema, anajibu mtoto wa kwanza mayai na mkate, wa pili chapati, na wa tatu anatunga uongo kwa sababu hakula kitu. Takwimu ni za uongo na mtoto amefedheheka. Wekeni makopo matano nyuma ya mlango, kila moja kwa kundi lake la chakula, na kila mtoto apite peke yake akitumbukiza kizibo kwa kila kundi alilokula jana. Vizibo vinapangwa juu ya meza kimoja juu ya kingine na grafu imesimama yenyewe. Kopo la nafaka litafurika, la matunda pengine litakuwa na vizibo vichache mno. Darasa linajadili mirundo. Hakuna mtu anayejadiliwa. Kwa sababu hiyohiyo watoto wasipangwe mstari wakapimwa uzito na majina kusomwa. Kazi hiyo ni ya mhudumu wa afya, faragha.

Walimu watasema darasa lina watoto 90 na muda hautoshi. Malalamiko hayo ni ya haki, na sitajifanya kwamba mizani moja inatosha watoto 90. Kinachowezekana ni kuwagawa kwa makumi chini ya mti, kikundi kimoja kikiwa stoo, kingine bustanini, na wengine wakiwa na vizibo na daftari, wakizunguka wiki hadi wiki. Vipimo vya mtaani vinasaidia pia: kibaba, kisado, debe, kikombe cha plastiki. Wakijaza kibaba mara nne wakapata pishi, wamejifunza uwiano ambao bibi zao waliutumia bila kuandika. Mtaala mpya ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024, na ule wa umahiri uliotangulia Kenya, yote miwili inataka mtoto aonyeshe anachoweza kukifanya. Kujua kiasi cha kupika ni umahiri usiohitaji kutafutiwa mfano.

Ningependa kamati za shule zijaribu jambo hili kwenye mkutano ujao wa wazazi. Ajenda ya mchango wa chakula ikifika, badala ya mweka hazina kusoma kiwango, wasimame wanafunzi wa darasa la sita na daftari zao. Gramu 120 za mahindi kwa siku 90 za masomo ni kilo 10.8 kwa mtoto; maharage ni kilo 3.6. Kama wazazi wameombwa debe zima la mahindi, ambalo hukaribia kilo 18, watoto waeleze kilo saba na ushee zinakwenda wapi: zipi ni za punje mbovu walizozihesabu wenyewe, zipi za kumlipa mpishi, zipi za wale ambao kwao hakuna mahindi ya kuleta. Wazazi waulize maswali, na watoto wajibu kwa kukokotoa ubaoni, mbele ya kila mtu.